Injini imeanza kulia ta-ta-ta: usiifungue kabla hujaisikiliza

Jana gari lilikuwa tulivu. Leo umewasha, na chini ya boneti kuna kitu kinagonga: ta-ta-ta-ta, kikavu, chepesi, cha haraka, kama mtu anayegonga kucha mezani. Ukikanyaga mafuta, mlio nao unaongeza mbio, ukiachia, unapungua. Gari lenyewe lina miaka zaidi ya 20, na moyo unakwenda moja kwa moja kwenye lile unaloliogopa, kwamba injini imekwisha.

Pengine haijaisha. Mlio wa namna hii una vyanzo vingi, na havilingani hata kidogo kwa uzito. Plagi iliyolegea hukazwa kwa dakika chache. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti) iliyolika, ukiendelea kutembea nayo, inaweza kuishia konrodi kukatika na kutoboa bloku. Na vyote viwili huweza kuanza kwa mlio ambao mwenye gari atauelezea kwa maneno yale yale: "inagonga kidogo."

Nimeshaona watu wakinunua seti nzima ya tapeti kwa ajili ya mlio ambao haukutoka kwenye tapeti, ndiyo maana nasisitiza jambo hili: usianze kwa kuupa mlio jina. Anza kwa kuuliza unakuja lini, unanyamaza lini, unapiga kwa kasi gani, na unabadilikaje injini ikibeba mzigo. Chuma cha injini husafirisha sauti, hivyo kinachogonga chini kinaweza kusikika juu, na sikio la mtu yeyote, hata fundi mzoefu, hudanganyika. Majira ya mlio hayadanganyi kirahisi hivyo.

Na kuna neno lisikupite: ghafla. Kuchakaa huja polepole, hata mwenye gari huzoea bila kujua. Mlio uliozuka usiku mmoja mara nyingi maana yake kuna kitu kimebadilika. Oili imepungua au imebadilishwa. Plagi zimefunguliwa na kurudishwa. Studi ya manifoldi, yaani boliti inayoshika bomba la kukusanya moshi wa eksozi kutoka kwenye silinda, imekatika. Kumbuka wiki mbili zilizopita nani aligusa gari na alifungua nini, kisha anzia hapo.

Oili kwanza

Zima injini, gari likiwa mahali tambarare, usubiri dakika 5 hadi 10 oili ishuke kwenye sampu, karai la oili lililo chini ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena. Katika magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takriban lita 1. Kwa hiyo oili ikiwa chini ya alama ya chini kabisa, umepungukiwa na zaidi ya lita nzima, na katika injini inayobeba lita 3 au 4 hiyo si kasoro ndogo. Injini za zamani hula oili kupitia ringi na sili za valvu zilizochoka. Huenda hukuona tone hata moja limedondoka chini, na bado imepungua.

Kwa nini oili ipigishe injini kelele? Angalia tapeti ya haidroliki, iliyomo kwenye injini nyingi za miaka ya 1980 na 1990. Ni kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kamshafti (shafti yenye nundu zinazofungua valvu) na valvu, na ndani yake kuna kipistoni, springi, na kigololi kinachofanya kazi ya mlango. Oili yenye presha huingia, kigololi hufunga njia nyuma yake, na oili iliyofungiwa humo inageuka kuwa ngumu kama chuma kwa sababu kimiminika hakibanwi. Hivyo pengo kati ya kamshafti na valvu linazibwa lenyewe, na hakuna kinachogongana. Presha ikiwa ndogo, au kigololi kikikwamishwa na uchafu usiotosha hata kuuona kwa macho, kikombe kinabaki laini. Kila nundu ya kamshafti inapofika, inakipiga badala ya kukisukuma. Hiyo ndiyo ta-ta-ta yako.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba oili ikizidi nayo huleta mlio huo huo. Krenkshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inaanza kuichapa oili kwenye sampu kama mtu anayepiga mayai, povu linatokea, na povu lina hewa. Hewa hubanwa. Tapeti iliyojaa povu ni laini kama iliyokosa oili. Basi mtu akisikia mlio, akaongeza lita moja bila kupima, mlio ukazidi, anadhani tatizo limekua, kumbe ni yeye amelikuza.

Aina ya oili nayo ina neno. Kwenye chupa iliyoandikwa 5W-30, namba yenye W inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya pili inaeleza uzito wake ikifika joto la nyuzi 100. Oili nzito mno huchelewa kupanda hadi juu ya silinda hedi asubuhi. Nyepesi mno, au iliyochanganyika na petroli, haishiki presha injini ikishapata moto. Filta pia: nyingi zina kivalvu cha mpira kinachozuia oili isirudi kwenye sampu gari likiwa limezimwa. Kivalvu hicho kikiwa kibovu, njia za oili hubaki tupu usiku kucha, na kila asubuhi utasikia injini ikilia kwa sekunde chache kabla ya kunyamaza. Kama mlio ulizaliwa siku chache baada ya kumwaga oili, shuku filta na oili yenyewe kabla ya kushuku injini.

Usijifariji na taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi. Katika magari mengi taa ile huwaka presha ikishaanguka hadi karibu baa 0.3 hadi 0.5, na hapo injini imeshateseka kitambo. Taa kutowaka haina maana kwamba presha inatosha. Njia ya kujua ni kufungua swichi ya presha na kufunga geji ya mkono mahali pake, kisha kusoma injini ikiwa baridi na ikiwa moto, na kulinganisha na kitabu cha gari. Ni kazi fupi, na ningependa kila fundi aifanye kabla ya kutamka neno "kufungua".

Hesabu mapigo

Katika injini ya mipigo minne, kamshafti huzunguka nusu ya kasi ya krenkshafti. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, tuseme mizunguko 800 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 400 tu, yaani karibu mara 7 kwa sekunde. Kitu kinachogonga kwa kila mzunguko wa krenki kitapiga zaidi ya mara 13 kwa sekunde.

Sikio haliwezi kuhesabu mapigo 13, lakini simu inaweza kukusaidia. Rekodi mlio, kisha uucheze kwa robo ya kasi yake. Ukisikia mapigo 17 hivi ndani ya sekunde 10, unasikia kitu cha nusu kasi: tapeti moja, au silinda moja inayovujisha gesi kwenye plagi au kwenye manifoldi. Ukisikia kama 33, geuza macho chini, kwenye krenki na vilivyofungwa juu yake. Tapeti kadhaa zikilia pamoja mapigo huchanganyika na hesabu haitoki safi, lakini mlio wa ghafla mara nyingi huwa wa mahali pamoja, na hapo kipimo hiki kinasaidia sana.

Baridi na moto

Hapa ndipo mlio husema mengi zaidi. Usiwashe gari ukaenda zako. Siku moja liwashe asubuhi likiwa limelala usiku kucha, fungua boneti, usimame hapo dakika 15.

Mlio wa sekunde chache tu kisha kimya: oili ilikuwa imeshuka, au tenshena ya cheni ya taimingi, cheni inayozungusha kamshafti, inasubiri presha ya oili ili ikaze cheni. Wa cheni husikika mbele ya injini na ni kama kuparuza au kutikisika kuliko kugonga. Huo usiupuuze, kwa sababu cheni ikiruka meno, katika injini nyingi pistoni zitakutana na valvu.

Mlio wa dakika kadhaa unaofifia kadiri injini inavyopata moto una washukiwa wawili wakuu. Wa kwanza ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda. Pistoni ni ya aluminiamu na hutanuka ikipata joto, ikajaza nafasi yake na kuacha kuyumba. Injini inaweza kuishi miaka na hali hiyo. Wa pili ni eksozi inayovuja kwenye manifoldi, na huu nauelezea kwa kirefu kwa sababu ndio unaosingiziwa tapeti kuliko yote.

Gari langu mwenyewe liliwahi kunifundisha. Kila asubuhi lilikuwa likilia ta-ta-ta, kali kabisa, na baada ya dakika 10 barabarani mlio umetoweka. Fundi wa kwanza alisikiliza, akasema tapeti, akaniandikia orodha ya spea. Sikuwa na haraka, nikachukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mita 1, nikaweka ncha moja sikioni na nyingine nikaipitisha taratibu pembeni mwa manifoldi, injini ikiwa baridi. Kwenye silinda ya kwanza, ya pili na ya tatu nilisikia muungurumo tu. Nilipofika ya nne, karibu na ukuta wa kabini, sikio lilipigwa na pumzi: pfu-pfu-pfu, kali kiasi cha kunifanya niuondoe mpira. Nilipofungua kinga ya joto nikauona ule mstari mweusi umetambaa kutoka kwenye gasketi kwenda juu ya silinda hedi, mwembamba upande mmoja na mpana upande mwingine, kama wanja uliopakwa na mkono unaotetemeka. Studi ya mwisho ilikuwa imekatika, kichwa chake hakipo.

Sababu yake ni ya kifizikia na haihitaji kumlaumu mtu. Manifoldi ya chuma cha kutupwa imefungwa kwenye silinda hedi ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho kwa joto lile lile. Kila safari viwili hivi vinavutana, na studi za mwisho, zilizo mbali na katikati, ndizo zinazobeba mvutano mkubwa. Baada ya miaka mingi moja inakatika. Injini ikiwa baridi, upenyo uko wazi na kila mlipuko wa silinda ile unatoka kwa kishindo kidogo kinachofanana sana na chuma kugonga chuma. Ikipata moto, vyuma vinatanuka, upenyo unazibika, na mlio unakufa.

Ukitaka kuhakikisha bila mpira, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya manifoldi mara tu baada ya kuwasha, kabla hayajapata moto, uangalie mapovu. Na usiuchukulie uvujaji huu kama kelele tu. Moshi wa eksozi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na manifoldi iko jirani na tundu zinazoingiza hewa kwenye kabini.

Kuna mlio unaofanya kinyume: kimya au mdogo asubuhi, unakua injini ikipata moto. Oili imekuwa nyepesi, presha imeshuka, na kitu kilichokuwa kimefunikwa na oili nzito sasa kinaonekana. Tapeti za haidroliki zinaweza kufanya hivi, lakini beringi za krenki na za konrodi nazo hufanya hivyo hivyo, na ndiyo sababu mlio unaokua na joto unanitia wasiwasi kuliko unaopungua.

Mzigo unatenganisha juu na chini

Kamshafti na valvu hazijui kama gari linapanda mlima au limesimama. Springi zile zile, nundu zile zile. Pistoni, pini yake na beringi ya konrodi zinajua sana, kwa sababu ndizo zinazobeba mlipuko. Hapo ndipo kipimo kizuri kuliko vyote kinapotokea.

Injini ikiwa kwenye sailensa, chomoa plagi ya umeme ya injekta moja, ile mafundi wengi wanayoita nozeli, usikilize sekunde chache, uirudishe, uende inayofuata. Silinda uliyoikata mafuta haichomi tena. Kama mlio haukubadilika kwa silinda yoyote, chanzo kina uwezekano mkubwa wa kuwa juu, kwenye valvu na tapeti. Kama mlio umepungua sana au umekufa ulipokata silinda fulani, chanzo kinabeba mlipuko wa silinda hiyo: beringi ya konrodi, pini, pistoni, au eksozi na plagi zinazovujisha gesi. Sasa unajua silinda, na hujafungua kitu. Kwa gari la kabureta hakuna injekta, na kipimo hufanywa kwa kukata moto wa plagi. Waya hizo zina maelfu ya volti, basi mwachie fundi mwenye vifaa.

Mlio wa konrodi, kwa mwenye bahati mbaya, ni mzito kuliko wa tapeti: ko-ko-ko, unatoka chini, na hujionyesha hasa unapokanyaga mafuta kidogo na pale unapoachia ghafla. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta punje zinazong'aa, shaka imekwisha. Zima. Usiendeshe hadi gereji, hata kama ni karibu, livutwe. Injini iliyolika beringi inaweza kutengenezeka, ila ikishanoki barabarani mara nyingi hakuna cha kuokoa.

Milio isiyo ya injini

Magari mengi yenye injekta yana kivalvu kinachofyonza mvuke wa petroli kutoka kwenye kopo la mkaa, na kazi yake ni kutiktika. Injekta zenyewe hutiktika pia, kwa mlio mwepesi unaofanana na saa ya mkono. Mkanda wa feni uliochanika upande mmoja hupiga kava kila unapopita. Ukishuku alteneta, wota pampu au rola, ondoa mkanda, washa kwa chini ya dakika 1, usikilize. Usizidishe, kwa sababu mara nyingi mkanda huo ndio unaozungusha maji. Kwa gari la otomatiki lenye mlio unaotoka kati ya injini na giaboksi, omba bamba linalounganisha vitu hivyo viwili likaguliwe, maana hupasuka na kugonga kama konrodi kabisa. Watu wamefungua injini nzima kwa ajili yake.

Na kama mlio unafuata kasi ya gari badala ya kasi ya injini, kagua matairi. Kijiwe kilichonasa kwenye tairi hulia tik-tik vizuri sana.

Ikiwa ni tapeti kweli

Kwanza jua una tapeti za aina gani. Si zote za haidroliki. Injini za Honda za mfululizo wa D hurekebishwa kwa skrubu na nati. Toyota 4A-FE ina vibati vya unene maalumu juu ya vikombe. Hizi zina pengo linalopimwa kwa fila geji, kwa kawaida kati ya milimita 0.15 na 0.35, na valvu za eksozi hupewa pengo kubwa zaidi kwa sababu zinapata moto zaidi. Fuata kitabu cha injini yako, na pima ikiwa katika hali ya joto inayotajwa humo. Asikushawishi mtu kubana pengo mpaka mlio uishe kabisa. Valvu isiyo na pengo haifungi vizuri ikipata moto, na valvu hupoza joto lake kwa kukaa kwenye kiti chake. Isipokaa, inaungua. Tapeti inayolia kidogo haijawahi kuunguza valvu. Iliyobanwa kupita kiasi huunguza, tena kimyakimya.

Za haidroliki haziguswi kwa spana. Jaribu kwanza kumwaga oili, kuweka ya uzito unaotakiwa na filta nzuri, uendeshe kilomita mia kadhaa, kisha umwage tena. Oili safi huyeyusha uchafu polepole, na tapeti nyingi hurudia kimya zenyewe. Nina woga na dawa za kusafisha injini kwa nguvu katika injini yenye tope la miaka mingi: tope likibanduka vipande vipande, huenda kuziba chujio la pampu ndani ya sampu, na presha uliyokuwa unaitafuta ikapotea yote.

Ukifika kwa fundi, mpelekee majira ya mlio, siyo jina lake. Mwambie: unaanza baridi, unakufa baada ya dakika 10, umepungua nilipokata silinda ya 4, oili iko katikati ya alama. Mwachie na rekodi ya simu. Na kama mlio ni wa asubuhi, liache gari gereji usiku kucha ili aliwashe mwenyewe likiwa baridi, kwa sababu ukimpelekea likiwa limeshapata moto njiani, atafungua boneti na kusikia injini isiyo na kasoro.